Kwa nini Mshtarii inatoka duara jeupe? Kupiga picha za sayari kwa darubini ya nyumbani

Swali: "Niko Dar es Salaam, Tabata. Kaka yangu anayeishi Ujerumani aliniletea darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650, ile fupi ya kuweka mezani, unaisukuma kwa mkono. Nikichungulia naona Mshtarii ina mistari miwili na vimwezi vinne pembeni. Lakini nikiweka simu inatoka duara jeupe tupu, na nikivuta karibu inakuwa ukungu unaochezacheza. Napigia juu ya paa la zege la nyumba yetu ili nikwepe miti. Rafiki mmoja anasema taa za mjini ndizo zinaharibu, niende porini. Mwingine anasema darubini ni ndogo, niiuze ninunue ya milimita 200, ingawa boksi limeandikwa inakuza mara 500. Zohali nayo niliikuta mwaka 2025 pete zake zikiwa mstari mwembamba tu, sijui ni darubini au ni nini. Wale wanaoweka picha zenye Doa Jekundu mtandaoni wanatumia nini, au wanachora kwa kompyuta? Nina akiba ya shilingi laki nane. Ninunue nini?"

Jibu: Ndugu yangu, katika maelezo yako yote kuna sentensi moja iliyonipa moyo: kwa jicho unaiona mistari miwili ya Mshtarii. Basi kioo chako ni kizima na kinafanya kazi yake. Unachokikosa kwenye picha kinapotea sehemu mbili. Kingine kinapotea kati ya lenzi na simu, na kingine kimeshapotea hewani kabla mwanga haujafika kwenye darubini. Haya ni matatizo mawili yenye tiba tofauti. Porini hakuna tiba ya lolote kati ya hayo, na dukani ipo kidogo sana.

Rafiki wa kwanza hajakosea kabisa, ila amechanganya mambo. Taa za mji zinaua vitu hafifu: Njia Nyeupe, mawingu ya Magellan, galaksi, vimondo vidogo. Mtu anayetaka hivyo, kweli aende mbali na mji. Mshtarii si kitu hafifu. Inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, na mwanga wa taa za Tabata hauwezi kuifunika. Christopher Go, ambaye picha zake za Mshtarii zinaheshimiwa na wanasayansi wa sayari, anapigia Cebu, mji mkubwa wa Ufilipino. Akiwa hukohuko, Februari 2006, alikuwa wa kwanza kugundua kwamba dhoruba moja nyeupe ya Mshtarii imegeuka rangi na kuwa nyekundu. Kwa hiyo nauli ya porini iweke mfukoni.

Rafiki wa pili tumjibu kwa hesabu. Anga hupimwa kwa nyuzi. Nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60; hizi ni za pembe, si za saa. Mwezi mpevu una upana wa sekunde 1,800 hivi. Mshtarii, inapokuwa karibu nasi, ina kama 45, yaani ungehitaji Mshtarii 40 kuzipanga mstari mmoja kuvuka uso wa Mwezi. Ndani ya kiduara hicho ndimo lilimo Doa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii. Darubini ya anga ya Hubble ilipolipima mwaka 2014 lilikuwa na upana wa kilomita 16,500 hivi, ambazo kwetu huku ni takriban sekunde 5. Sasa chukua 116 ugawanye kwa kipenyo cha kioo chako kwa milimita: unapata karibu 0.9. Huo ndio utenganishi wa kioo chako, yaani alama mbili zilizoachana kwa sekunde 0.9 kinaweza kukuonyesha kwamba ni mbili. Doa la sekunde 5 linaonekana, tena na nafasi inabaki ya kuona mikunjo ya mikanda na vivuli vya vimwezi vinapopita juu ya sayari. Darubini yako si ndogo kwa kazi uliyoitaja.

Ile mara 500 ya kwenye boksi isahau. Ni maneno ya kuuzia. Kikomo cha kweli ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo 260 kwako, na hata hiyo ni kwa usiku wa hewa tulivu sana. Ukipita hapo unakuza ukungu tu, na nadhani ndicho kinachokutokea unapovuta picha karibu kwa vidole kwenye skrini.

Sasa lile duara jeupe. Simu inapoangalia fremu iliyo nyeusi karibu yote na kitone kimoja cha mwanga katikati, inahesabu wastani, inaona uko gizani, inaongeza mwanga mpaka lile giza lianze kuwa kijivu. Kitone chenyewe kinaungua. Mikanda ya Mshtarii ilikuwepo muda wote, ila tofauti ya rangi kati ya mkanda wa kahawia na ukanda wa krimu ni ndogo, na ikishapita kikomo cha sensa, yaani kile kibao cha kupokea mwanga ndani ya kamera, vyote vinaandikwa kuwa nyeupe. Hakuna programu itakayorudisha kilichoungua.

Usiku ujao fanya hivi. Nunua kishikio cha simu kinachobana kwenye lenzi ya kutazamia. Usishike simu kwa mkono, utahangaika bure. Weka lenzi ya milimita 10, ambayo kwako inakuza mara 65, lenga sayari, halafu fungua kamera upande wa video. Gusa Mshtarii kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Kisha vuta kitelezi cha mwanga kwenda chini. Endelea kushusha hata pale utakapohisi unaiharibu picha. Utaona weupe unaondoka, duara linapata rangi ya krimu, na ile mikanda miwili inajitokeza, mmoja mara nyingi ukiwa umekolea kuliko mwenzake. Vimwezi vitafifia au vitapotea kabisa. Ni kawaida. Wengi wanaokuonyesha sayari yenye mikanda safi na vimwezi vinavyong'aa kwenye picha moja ya simu wameunganisha picha mbili zenye mwanga tofauti. Kama simu yako ina hali ya kujipangia mwenyewe, anza na ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kunasa mwanga) 100 au 200 na spidi ya kupiga ya kati ya 1/60 na 1/125 ya sekunde, halafu rekebisha ukiangalia skrini. Zohali itataka mwanga zaidi, karibu mara tatu, kwa sababu iko mbali zaidi na Jua na inapokea mwanga mdogo zaidi kwa kila kipande cha uso wake.

Fokasi nayo inahitaji subira. Usiitafute kwenye ukingo wa sayari, itafute kwenye kimwezi au nyota iliyo jirani: izungushe mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote utakazoweza kupata, kisha rudi kwenye sayari. Kitasa cha fokasi cha darubini hizi ni kifupi na kila ukikigusa picha nzima inatetemeka. Bana kibanio cha nguo cha mbao kwenye kitasa, kisha uwe unasukuma ncha ya kibanio kwa kidole kimoja. Mkono unakuwa mrefu, mzunguko unakuwa mdogo, mtetemo unapungua. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote nitakavyokutajia leo na sijaona kinachokishinda.

Tuje kwenye ukungu unaochezacheza, maana hapa ndipo penye kiini cha upigaji picha za sayari. Hewa ya joto na hewa ya baridi hupindisha mwanga kwa viwango tofauti. Zikichanganyika juu ya kichwa chako, mwanga wa Mshtarii unafika ukiwa umesukumwa huku na huku mara nyingi kwa sekunde moja. Simama usawa wa jiko la mkaa lililokolea, utazame ukuta ulio nyuma yake: ukuta unacheza, lakini tofali halijasogea. Kwenye usiku wa kawaida hewa hutawanya nukta ya nyota ikawa na upana wa sekunde 2 au zaidi. Utenganishi wako wa 0.9 haufikiwi, na ule wa 0.6 wa darubini ya milimita 200 haufikiwi pia. Ndiyo maana sikushauri kuanza kwa kuuza. Darubini kubwa ni bora, sikatai, inakusanya mwanga zaidi na usiku hewa ikitulia inaonyesha undani zaidi. Lakini ukiipandisha juu ya zege lile lile, itakuonyesha ukungu ule ule kwa ukubwa zaidi.

Na hilo paa la zege ndilo ninalolishuku kuliko vyote. Zege linapigwa na jua la Dar mchana kutwa, linatunza joto, linaanza kulitoa jua likizama na linaendelea hadi usiku wa manane. Hewa inayopanda kutoka kwenye paa inapita mbele ya kioo chako. Lami na kuta za matofali ni hivyohivyo. Mabati, kinyume na wanavyodhani wengi, hupoa haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo kuchungulia juu ya paa la bati la jirani saa nne usiku si kubaya kama kuchungulia juu ya slabu. Kibaya zaidi ni kompresa ya kiyoyozi: kama jirani anayo upande unaoulenga, subiri sayari isogee. Shuka uani. Tafuta udongo au majani, hata kama miti itakuficha sehemu ya anga. Kipande kidogo cha anga tulivu kina faida kuliko anga lote linalochemka.

Darubini yenyewe pia ina joto. Kioo cha milimita 130 kilichokaa ndani kinahitaji nusu saa hadi saa nzima kulingana na joto la nje, na kabla ya hapo kinatengeneza mkondo wake wa hewa ndani ya bomba. Itoe saa moja jioni, anza kazi saa mbili. Kama chumba chako kina kiyoyozi tatizo linageuka: kioo kinatoka kikiwa baridi kuliko nje na unyevu wa Dar unatua juu yake papo hapo. Usiufute kwa kitambaa. Funika bomba kabla ya kutoka chumbani, uliache nje lipate joto taratibu, ndipo ufunue.

Nikuambie na jambo la kukufurahisha, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, na yanatufanya tujione tuko nyuma. Kwenye sayari sisi wa karibu na Ikweta tuko mahali pazuri sana. Sayari husafiri karibu na njia ya Jua, na njia hiyo hupita juu ya vichwa vyetu. Julai 2020 Mshtarii na Zohali ziling'aa vizuri, lakini London hazikufika hata nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Mwanga wake ulipita kwenye unene wa hewa wa mara tatu hivi ya ule wa utosini. Dar zilipanda zaidi ya nyuzi 70. Mwingereza Damian Peach, mmoja wa wapigapicha wa sayari wanaojulikana sana duniani, amekuwa akisafiri na darubini hadi Barbados, nyuzi 13 tu kaskazini ya Ikweta, kwa sababu hiyo hiyo. Mikondo mikali ya upepo wa juu inayowasumbua wenzetu wa kaskazini wakati wa baridi nayo kwa kawaida hupita mbali nasi. Kwa hiyo usipige picha sayari ikiwa bado iko chini. Ukiona ukingo mmoja wa Mshtarii ni mwekundu na wa pili ni wa buluu, ujue hewa imekuwa kama mche wa kioo unaochambua rangi. Subiri ipande nyuzi 50 au zaidi.

Kuna kasoro moja ya kuwa chini ya sayari, na kwa darubini yako utaipata: kitu kikifika utosini kabisa, darubini ya kusukuma kwa mkono inakuwa ngumu kuizungusha kushoto na kulia. Kwako nafasi nzuri ni kati ya nyuzi 50 na 75.

Uliuliza kama wanachora. Hawachori, lakini pia hawapigi picha moja. Hewa haichezi kwa kiwango kimoja muda wote. Kuna vipande vya sekunde ambapo inatulia. Mwaka 1978 mwanafizikia wa Marekani David Fried aliandika hesabu ya uwezekano wa kupata fremu kali ya muda mfupi kupitia hewa inayochafuka, na kazi ya wapigapicha wa sayari leo imesimama kwenye wazo hilo. Unarekodi video. Tuseme fremu 60 kwa sekunde kwa dakika mbili: fremu 7,200. Programu inazipanga zote kuanzia iliyo kali hadi iliyo na ukungu, unachagua robo au hata sehemu ya kumi iliyo bora, inazisawazisha kipande kwa kipande na kuzijumlisha kuwa picha moja. Chembechembe za kelele, yaani punje zinazochafua picha, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 1,600 hupunguza kelele mara 40. Matokeo ya kwanza yanakatisha tamaa, ni laini kama ya mwanzo. Ila kwa kuwa kelele imeondoka, sasa unaweza kukaza ukali bila picha kuchanikachanika, na hapo ndipo mikunjo ya mikanda inapojitokeza. Programu zinazotumika sana ni za bure: PIPP ya kuiweka sayari katikati, AutoStakkert ya kuchagua na kujumlisha, RegiStax ya kukaza ukali. Video ya simu ibadilishwe kwanza kwa PIPP ndipo AutoStakkert iisome.

Usirekodi dakika kumi ukidhani unaongeza fremu. Mshtarii inajizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi. Kwa dakika moja alama iliyo katikati ya uso wake inasogea karibu sekunde 0.24 za pembe. Ndani ya dakika nne umeshafika kwenye utenganishi wako wote na undani unaanza kujipaka. Dakika mbili hadi tatu zatosha. Mzunguko huo ndio sababu nyingine ya kutoliona Doa Jekundu: muda mwingi liko upande wa pili au ukingoni. Lina nafasi nzuri kwa takriban saa mbili linapopita katikati, na programu za anga za simu, pamoja na Stellarium kwenye kompyuta, zitakusaidia kujua saa hiyo.

Hapa nataka nikutahadharishe, maana nina uchungu na jambo hili. Ukali ukikazwa kupita kiasi hutengeneza vitu ambavyo havipo: pete nyembamba ndani ya ukingo wa sayari, nukta nyeusi, mistari iliyonyooka mno. Mtu anafurahi kwamba ameona dhoruba kumbe ameona hesabu ya kompyuta. Kipimo changu ni hiki. Rekodi video mbili zilizoachana dakika kumi, uzichakate kwa mipangilio ile ile. Ndani ya dakika kumi Mshtarii imegeuka nyuzi 6. Alama ya kweli itakuwa imesogea pamoja na sayari; ya uongo itabaki palepale au itatoweka. Uaminifu huu una thamani yake. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mpenzi wa anga tu akiwa uani kwake Australia, aliona baka jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii. Aliangalia kwanza kama linasogea na mzunguko, akaona kweli, akatoa taarifa, na darubini kubwa zikageuzwa kulitazama: kitu kilikuwa kimeigonga sayari.

Kuhusu Zohali, darubini yako haina hatia. Pete zake ni pana lakini nyembamba mno, na kila baada ya miaka 13 hadi 16 hivi Dunia hupita kwenye usawa wake tukaziona kwa ubavu. Ilitokea 23 Machi 2025. Zinazidi kufunguka mwaka hadi mwaka, na karibu 2032 zitakuwa zimefunguka kabisa. Zohali inakaa mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa kati yake na Jua, tarehe 4 Oktoba 2026, na kwa Dar inafika karibu nyuzi 80. Iwahi kabla haijafika utosini au isubiri ianze kushuka. Mshtarii inafuata karibu tarehe 10 Februari 2027, na Mirihi siku chache baadaye, tarehe 19. Mirihi ya safari hiyo itakuwa na upana wa sekunde 14 za pembe hivi tu, kwa hiyo usitarajie makubwa zaidi ya kofia nyeupe ya ncha na mabaka meusi. Si lazima uigonge tarehe yenyewe: wiki sita kabla na wiki sita baada, Mshtarii bado ni kubwa.

Sasa fedha. Kwa laki nane, darubini mpya ya milimita 200 pamoja na usafirishaji sidhani utaipata, na hata ukipata ya mkononi kwa mtu, kioo lazima ukione mwenyewe. Mimi ningetumia kidogo kwanza: kishikio cha simu na lenzi ya Barlow ya mara 2 (inakaa kabla ya lenzi ya kutazamia na kuzidisha ukuzaji mara 2), kisha miezi mitatu ya mazoezi uani. Ukiona bado una hamu, na kama una laptop, hatua inayofuata ni kamera ndogo ya sayari inayoingia mahali pa lenzi na kutuma video moja kwa moja kwenye kompyuta bila kuibana kama simu inavyofanya. Angalia ukubwa wa pikseli zake, yaani vinukta vya sensa vinavyounda picha. Kanuni ni kwamba uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo) uwe karibu mara 5 ya pikseli kwa mikromita. Kamera nyingi za bei ya chini zina pikseli za mikromita 2.9, kwa hiyo unataka 14.5 hivi. Darubini yako ni 5. Ukiweka Barlow ya mara 3 inakuwa 15, na Mshtarii inatoka pikseli 49 kufika 147. Kwa hiyo kama unajua utafika kwenye kamera, nunua Barlow ya mara 3 tangu mwanzo na kwenye simu tumia lenzi ya kutazamia yenye milimita nyingi zaidi.

Gharama ya kufanya hivyo ni kwamba sayari itavuka sensa kwa sekunde 40 hivi, kwa sababu Dunia inazunguka na darubini yako haina mota. Inafanyika: iweke sayari ukingoni, ondoa mkono, iache ivuke yenyewe, irudishe, urekodi tena, kisha unganisha vipande ndani ya zile dakika tatu. Inachosha, lakini picha nzuri sana zimepatikana hivyo. Ukishawishika kununua stendi yenye mota ya kufuata mzunguko wa anga, uliza kwanza latitudo ya chini kabisa inayokubali. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya ambako ncha ya anga, nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, iko nyuzi 50 juu. Kwa Dar ncha ya kusini iko karibu nyuzi 7 tu, nyuma ya nyumba za watu, na kuna stendi ambazo chuma cha uzito kinagonga mguu kabla hujafika huko.

Mambo machache yanahitaji mtu wa kuyaona kwa macho. Kabla ya yote jaribu hili: lenga nyota angavu, iweke katikati, halafu iondoe kidogo kwenye fokasi. Utaona pete zenye kitundu cheusi. Kama kitundu kiko katikati, vioo vimelingana. Kama kimeegemea upande, zungusha kidogokidogo skrubu za nyuma ya kioo kikubwa, ukirudisha nyota katikati kila mara. Lakini pete zikiwa na pembe tatu, au kioo kidogo cha mbele kikiwa kimepinda au kinacheza, au ukiona madoa ya ukungu kwenye kioo, ambayo kwa unyevu wa pwani hutokea, usikifungue peke yako. Chama cha ASSAT kinakusanya wapenzi wa anga wa Tanzania, na Chuo Kikuu Huria, ambako Noorali Jiwaji amewaelimisha watu kuhusu anga kwa miaka mingi, ni mahali pa kuulizia. Kwa wasomaji walio Nairobi, Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wana planetaria yao, yaani ukumbi wa kuonyeshea anga. Saa moja na mtu aliyewahi kulinganisha vioo itakuokolea wiki za kubahatisha.

Jingine ni Jua. Kama kwenye boksi kulikuwa na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia ili uangalie Jua, kitupe leo. Hupasuka kwa joto. Usiiache darubini wazi uani mchana kama kuna watoto, na usiitafute Zuhura jioni kabla Jua halijazama kabisa. Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haina maumivu, mtu hajui ameungua hadi baadaye. Yeyote aliyechungulia Jua kwa darubini kisha akaona doa katikati ya anachokitazama apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Ukipata video na ukakwama kwenye kuichakata, niletee faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye simu, kwa flashi au kwa kiungo cha kupakua. Usilipitishe WhatsApp kama video ya kawaida, inaibana mno na mikanda ndiyo huanza kupotea. Andika pembeni saa uliyorekodi, mahali ulipoweka darubini, na kama ulikuwa umetumia Barlow.